Buibui Aliyeishi Miaka 43 Nyuma ya Mlango Mmoja

Katika nchi ya mashamba ya ngano ya Australia ya Magharibi, karibu na mji mdogo uitwao Tammin, kimesalia kipande cha mwitu wa asili ambacho majembe ya wakulima hayakukigusa, nacho chajulikana kwa jina la Hifadhi ya North Bungulla. Na ndani ya kipande hicho, mwaka 1974, mtaalamu wa elimu ya wanyama, Bibi Barbara York Main, alianza kazi ambayo mpita njia angaliiona kuwa ni ya mtu aliyekosa shughuli. Alikuwa akiinama juu ya ardhi kavu, akiyapekua kwa macho majani yaliyoanguka chini ya miti, na kila alipokiona kifuniko kidogo cha udongo na hariri, kilicholazwa juu ya tundu kwa ustadi hata kisipambanuke na ardhi inayokizunguka, alichomeka kando yake kigingi chenye nambari, akaandika daftarini mwake, akaondoka. Kisha baada ya muda akarejea na kukitazama kila kigingi, kimoja baada ya kimoja, apate kujua kama mwenye tundu yungali hai. Kazi hiyo iliendelea kwa zaidi ya miaka 40.

Kigingi cha 16 kilisimama kando ya tundu la buibui jike wa aina ya Gaius villosus, ambaye wakati huo alikuwa mchanga kabisa, ndiyo kwanza ajitenge na mamaye na kujichimbia makao yake mwenyewe. Miaka ikapita, watoto waliozaliwa Tammin mwaka ule wakakua, wakaoa na kuolewa, na buibui wa nambari 16 alikuwa bado yupo nyuma ya mlango ule ule. Mwaka 2016, Leanda Mason, mtafiti kijana aliyekuwa akiiendeleza kazi ya Bibi Main, alikikuta kifuniko kimetobolewa na tundu limeharibika, na dalili zote zikaonyesha kwamba nyigu wa kimelea ndiye aliyepenya humo. Buibui huyo alikuwa amefikisha umri wa miaka 43. Habari zake zilichapishwa mwaka 2018 katika makala iliyoandikwa na Mason, Grant Wardell-Johnson na Bibi Main mwenyewe, na tangu hapo hakuna buibui mwingine ambaye umri wake umethibitishwa kuupita huo. Aliyemtangulia katika daraja hiyo alikuwa buibui mmoja mkubwa mwenye manyoya, wa asili ya Mexico, aliyeishi miaka 28.

Huenda msomaji akauliza kwa haki: wataalamu hao walijuaje kwamba aliyekuwamo tunduni mwaka 2016 ndiye yule yule wa mwaka 1974? Jawabu lake ndilo kiini cha tabia ya viumbe hawa, na ndilo jambo ninalotaka kulieleza katika makala haya. Jike wa aina hii akisha chimba tundu lake hahami. Hulipanua kadiri anavyokua, huutengeneza upya mlango wake, humo hula, humo huzaa, humo hulea, na humo hufa. Na akisha kufa, tundu lake halirithiwi na buibui mwingine, bali hubomoka likafukiwa na udongo. Maisha yake yote ni mahali pamoja. Kila alicho nacho cha ajabu, nacho ni kingi, kimetokana na ukaaji huo, na hatari kubwa kuliko zote inayomkabili leo imetokana na ukaaji huo huo.

Tuanze na umbo lake. Buibui waliokwisha kupewa majina na wataalamu ulimwenguni kote wamepita aina 50,000, na walio wengi mno miongoni mwao ni wale tunaowaona kila siku katika pembe za dari na matawi ya miti, ambao chonge zao hukutana kwa ubavu, moja kutoka kulia na moja kutoka kushoto. Buibui wa mlango, pamoja na jamaa zake wakubwa wenye manyoya, ni wa nasaba nyingine iliyo kongwe, yenye aina zaidi ya 3,000, ambayo chonge zake zimelazwa sambamba na hushuka zote mbili pamoja kutoka juu, hivi kwamba kiumbe huyo hana budi ajiinue kidogo kabla ya kuuma. Hupumua kwa jozi mbili za mapafu yaliyopangwa kwa matabaka membamba, ilhali buibui wengi wa nyumbani wana jozi moja tu. Macho yake manane aghalabu yamekusanyika juu ya kichwa mahali pamoja, madogo, wala hayamfai sana, kwani ujuzi wake wa dunia ya nje humjia kwa mtikisiko unaopita ardhini na katika nyuzi za hariri hata kuzifikia nywele za miguu yake. Tena, katika jamii nyingi za buibui hawa, juu ya taya, karibu na mzizi wa chonge, pana safu ya miiba mifupi, migumu, ambayo ndiyo zana yake ya kuchimbia: kwayo huubomoa udongo, huufanya vidonge, akavibeba nje kimoja kimoja, na kuta za shimo akazishindilia na kuzipaka udongo laini na hariri, zisiporomoke wala zisipitishe maji kwa urahisi.

Ama mlango wenyewe, hapo ndipo ufundi unapodhihirika. Kuna milango ya namna mbili. Ya kwanza ni miembamba, ya hariri iliyochanganywa na udongo kidogo na majani, nayo hulala tu juu ya mdomo wa tundu. Ya pili ni minene, iliyojengwa kwa matabaka ya udongo na hariri, na kingo zake zimechongwa kwa mshazari hata mlango ukafungika ndani ya mdomo wa tundu barabara, mfano wa kizibo katika shingo ya chupa. Kila namna huwa na bawaba ya hariri upande mmoja, yenye kunyumbuka, na mlango hurudi mahali pake wenyewe uachiliwapo. Katika milango iliyo minene, matabaka hayo yana tarehe ndani yake, kwani buibui akuapo huongeza tabaka jipya pana zaidi chini ya lile la zamani, na mwenye kuukata mlango kwa uangalifu aweza kuuona mlango mdogo wa utotoni ungali umo juu ya mlango wa utu uzima. Upande wa ndani mara nyingi huonekana vishimo vidogo ambamo mwenyewe hutia kucha na chonge zake anapouvuta mlango usifunguliwe. Na nguvu anazozitumia hapo si haba, maana imepata kupimwa kwamba buibui wa California aitwaye Bothriocyrtum californicum aweza kuuzuia mlango wake dhidi ya nguvu inayolingana na uzito wa mwili wake mara 38.

Usiku buibui huyu huja mlangoni kuwinda. Huuinua mlango kiasi kidogo tu, ncha za miguu ya mbele zikachomoza chini yake, na miguu ya nyuma ikabaki imejishikiza katika hariri ya ukuta, akasubiri. Mbawakawa, sisimizi, mchwa, nyenje au jongoo apitapo karibu, mlango hufunguka ghafula, buibui hujitupa nje nusu ya mwili, hushika, huuma, na kurudi chini na mawindo yake kabla jicho la mtazamaji halijafahamu lililotukia. Mara nyingi hauachi kabisa mdomo wa tundu, na kutouacha huko ndiyo salama yake. Kwa kuwa hatumii nguvu katika kutembea wala kufukuza, mwili wake huwaka taratibu mno, na chakula kidogo humtosha muda mrefu. Na wataalamu walioandika habari za nambari 16 wanaona kwamba utulivu huo wa mwili, pamoja na kuishi katika mwitu usioguswa, ndio uliomfikisha umri ule.

Gaius villosus ana hila mbili ambazo Bibi Main alizieleza kwa ukamilifu, na ambazo mimi naziona kuwa miongoni mwa mambo mazuri mno katika elimu nzima ya wadudu na jamaa zao. Ya kwanza ni kwamba hukusanya vijiti na majani membamba, akavifunga kwa hariri katika ukingo wa tundu, vikatandaa juu ya ardhi pande zote kwa mfano wa miale ya jua. Mdudu akanyagapo ncha ya kijiti iliyo mbali, mtikisiko hupita katika kijiti hata ukamfikia mwenye kungoja mlangoni, na kwa njia hiyo uwanja wake wa kuwindia hupanuka mara kadhaa naye hajatoka nje. Ya pili ni ya kujikinga. Ndani ya tundu hushona ala ya hariri, na kati ya ala hiyo na ukuta huhifadhi takataka na mabaki ya mawindo aliyoyala. Adui apenyapo mlangoni, buibui aliye chini huivuta ala ikaporomoka na kuiziba njia, zile takataka zikaanguka juu yake, na mvamizi akakuta mbele yake kitu kilicho kama sakafu ya shimo lililoachwa zamani, akaondoka, kumbe mwenyewe yu hai chini yake.

Maadui anao wengi. Nge na tandu humfuata shimoni, ndege na wanyama wadogo humfukua, na wako nzi ambao mabuu yao humwingia mwilini wakamla kwa ndani. Lakini aliye mkali kuliko wote ni nyigu wa kuwinda buibui, ambaye jike lake hupita juu ya ardhi akipapasa kwa vipapasio vyake, na akisha uona mlango huulazimisha au huutoboa, akamchoma mwenyewe mwiba wenye sumu isiyoua bali inayopoozesha, kisha akataga yai moja juu ya mwili wake. Buu atokaye katika yai hilo humla buibui aliye hai asiyeweza kujitetea, na hapana mlango wala bawaba itakayomfaa tena.

Ulimwengu wa elimu ulifahamishwa kwa urefu habari za milango hii na Mwingereza mmoja aliyekuwa na afya dhaifu, John Traherne Moggridge, ambaye alizoea kukaa majira ya baridi huko Menton, katika pwani ya kusini ya Ufaransa, na ambaye asili yake alikuwa mtu wa elimu ya mimea. Kitabu chake juu ya sisimizi wavunao nafaka na buibui wa mlango kilitoka mwaka 1873, na mwaka uliofuata, baada ya kukamilisha nyongeza yake, alifariki akiwa na umri wa miaka 32. Yeye ndiye aliyeonyesha kwamba baadhi ya buibui wa jenasi ya Nemesia hawatosheki na mlango mmoja: juu huweka mlango mwembamba uliofichika, na chini, sentimita kadhaa ndani ya tundu, huweka mlango wa pili ulio mnene, na pengine tundu lina tawi pembeni, hivi kwamba adui aliyekwisha kuushinda mlango wa kwanza hukuta mbele yake mlango wa pili unaosukumwa na mwenye nyumba kwa mgongo na miguu.

Jaribio lake moja lastahili kukumbukwa. Alikuta tundu ambalo mlango wake ulikuwa umepandwa kuvumwani, yaani ile mimea mifupi ya kijani itambaayo juu ya mawe na udongo wenye unyevu, nayo ilikuwa imeota vivyo hivyo pande zote za tundu hata mlango usionekane. Akauondoa mlango, akaing'oa mimea yote iliyokuwa karibu, akaiacha ardhi tupu. Buibui alijenga mlango mwingine, akaenda kuitafuta ile mimea kule ilikosalia, akaipanda juu ya mlango wake kama ilivyokuwa dasturi yake, na matokeo yake ni kwamba katikati ya udongo mtupu likaonekana doa la kijani ambalo kila apitaye lingemvuta jicho. Mimi sioni katika habari hii sababu ya kumdharau buibui. Naiona kuwa ushahidi wa jinsi ustadi wake ulivyofumwa pamoja na mahali pake hata visitenganike. Mahali pakibadilishwa ghafula, kile kile kilichokuwa sitara huwa tangazo.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba mlango haukuzuliwa mara moja tu. Buibui wenye milango si ukoo mmoja bali ni koo nyingi, zilizotawanyika katika mabara, na wachunguzi wa nasaba zao wamethibitisha kwamba ufundi huu umezuka mara kadhaa, kila ukoo kwa njia yake, na mara nyingine ukapotea tena katika baadhi ya matawi. Walio wakongwe kuliko wote ni wale wa Asia ya kusini-mashariki na mashariki, wa ukoo wa Liphistius na jamaa zake, ambao juu ya matumbo yao zingali zikionekana sahani zilizopangwa pingili kwa pingili, alama ambayo buibui wengine wote wameipoteza, na ambayo huonekana katika visukuku vya takriban miaka milioni 300 iliyopita. Aina mojawapo huishi katika mapango ya Batu karibu na Kuala Lumpur. Liphistius hutandaza nyuzi kadhaa kutoka mdomoni mwa tundu, kila uzi ukielekea upande wake, na miguu yake ya mbele hukaa juu ya mwanzo wa nyuzi hizo.

Wako ambao wamefanya mwili wenyewe kuwa mlango. Cyclocosmia, apatikanaye kusini-mashariki ya Marekani na katika nchi kadhaa za Asia, ana tumbo lililokatika ghafula kwa nyuma, na mahali pa mkato pana sahani ya duara, ngumu kama ngozi iliyokauka, yenye mifereji na matuta yaliyopangwa kwa ulinganifu wa ajabu hata mtu akaidhani kuwa muhuri wa kale. Akivamiwa hukimbilia chini kichwa mbele, penye sehemu nyembamba ya tundu, na sahani ile ikaziba njia kabisa; adui hana pa kushika wala pa kuchoma. Kusini mwa Afrika, katika jenasi ya Galeosoma iliyo ya ukoo mwingine, imezuka ngao ya namna hiyo hiyo kwa ajili ya kazi hiyo hiyo, bila ya mmoja kumwiga mwenziwe.

Tena wako walioiacha ardhi wakapanda mitini. Hao ni baadhi ya wale wa ukoo wa Migidae, ambao hujenga vifuko vya hariri katika nyufa za magome, wakavifunika kwa vipande vya gome na kuvitia mlango, na mara nyingine milango miwili, mmoja juu na mmoja chini. Ukoo huu una aina nyingi Madagaska na kusini mwa Afrika, na sisi wa Afrika ya Mashariki tuna fungu letu pia: aina mbili za jenasi ya Poecilomigas, moja iliyopewa jina mwaka 1962 na nyingine mwaka 1987, zajulikana kuwa za Tanzania.

Katika ukoo huo huo ipo jenasi iliyoitwa Moggridgea kwa heshima ya yule Mwingereza wa Menton, na habari zake zinatuhusu sisi wa mwambao wa Bahari ya Hindi kuliko tunavyodhani. Moggridgea ni wa Afrika; lakini aina moja, Moggridgea rainbowi, huishi katika kisiwa cha Kangaroo, kusini mwa Australia, katika kingo za udongo zilizo karibu na bahari. Kwa muda mrefu ilikubaliwa kwamba jambo hilo ni masalio ya zama ambazo Afrika na Australia zilikuwa sehemu za bara moja kubwa la kusini, kisha zikatengana, kila moja ikachukua buibui wake. Mwaka 2017 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya uchunguzi wa chembe za urithi, na hesabu yao ikaipindua dhana hiyo: buibui wa kisiwa cha Kangaroo walitengana na jamaa zao wa Afrika ya Kusini kati ya miaka milioni 2 na milioni 16 iliyopita, wakati ambapo mabara hayo yalikuwa yamekwisha kuachana miaka mingi mno kabla yake, na kabla ya binadamu kuunda chombo cha aina yoyote. Basi hapana njia nyingine illa bahari. Yaelekea kipande cha ardhi kilimeguka pwani pamoja na mimea yake, kikabeba matundu yaliyofungwa kwa hariri na milango, kikachukuliwa na mkondo wa kusini kuelekea mashariki kwa umbali wa kilomita zipatazo 10,000, hata kikapata nchi. Sisi ambao babu zetu walihesabu mwaka kwa kusi na kaskazi, na kuwahesabia manahodha safari za Hindi na Arabuni kuwa fahari, tuna kila sababu ya kuistahi safari ya kiumbe aliyevuka bahari hiyo hiyo bila ya kutoka nyumbani kwake.

Safari kama hiyo ni tukio la nadra kupita kiasi, na kwa kawaida mwendo wa viumbe hawa ni mfupi. Watoto wa buibui wengi wa bustanini hupanda juu ya majani, wakatoa uzi, upepo ukawachukua mbali. Lakini miongoni mwa buibui wa mlango ni wachache wafanyao hivyo. Walio wengi hutoka tunduni mwa mama yao baada ya mvua, wakatembea kwa miguu kiasi kidogo, kila mmoja akachimba kitundu chake karibu na alipozaliwa, akakitia kimlango kilicho kamili tangu siku ya kwanza. Na wengi wao hufa kwa njaa, kiu au kuliwa kabla ya kukua. Wanaosalia huchukua miaka kadhaa kufikia utu uzima. Hapo dume huliacha tundu lake moja kwa moja, akazunguka usiku kuwatafuta majike, akagongagonga milangoni kwa miguu yake, na baada ya msimu huo hufa. Jike hubaki. Ndiyo maana mahali penye buibui hawa mara nyingi huwa na kijiji cha matundu ya mama, mabinti na wajukuu, na bonde la pili lisiwe na hata mmoja, au likawa na wa aina nyingine kabisa.

Kwa sababu hiyo wataalamu hawaishi kugundua aina mpya, hata katika nchi zilizochunguzwa mno. Jason Bond, Mmarekani aliyetumia miaka mingi katika viumbe hawa, alieleza aina mpya 33 za jenasi ya Aptostichus mwaka 2012, karibu zote za California, na mojawapo akaiita Aptostichus barackobamai, kwa jina la rais wa Marekani wa wakati huo, ambaye babaye alizaliwa Kenya. Bond huyo huyo alimpata jike mmoja wa ajabu mwaka 1997 katika pwani ya Moss Landing, California, asiyefanana na yeyote aliyejulikana. Akamtafuta dume lake zaidi ya miaka 20, akalipata mwaka 2019, na mwaka 2020 akawaeleza kuwa si aina mpya tu bali jenasi mpya, Cryptocteniza. Ikiwa kiumbe wa jinsi hiyo alijificha pwani ya California, palipojaa watu na vyuo vikuu, seuze katika misitu yetu ambayo haijapata hata mchunguzi mmoja wa kudumu wa viumbe hawa?

Nimesema kwamba ukaaji wa mahali pamoja ni nguvu yao na ni hatari yao. Ushahidi uko pale pale Tammin. Eneo la ngano la Australia ya Magharibi lilifyekwa katika karne iliyopita kwa kiasi ambacho vipande vya mwitu wa asili vilivyosalia ni kama visiwa katika bahari ya mashamba, na kwa kuondolewa miti yenye mizizi mirefu, maji ya chini ya ardhi yakapanda na kuleta chumvi juu, nayo ikaua hata mimea iliyoachwa. Buibui aitwaye Idiosoma nigrum, mwenye ngozi nene tumboni inayomsaidia kustahimili ukame, ambaye Bibi Main alimpa jina mwaka 1952, ameandikwa katika orodha ya viumbe walio hatarini. Katika kisiwa cha Kangaroo, mioto ya mwaka 2019 na 2020 iliteketeza karibu nusu ya kisiwa, na sehemu ya makao ya wale wajukuu wa Afrika ikaungua pamoja na mengine. Ndege huruka, paa hukimbia. Jike wa buibui wa mlango hufunga mlango wake, na trekta halizuiliwi na bawaba ya hariri. Tena hasara yenyewe haionekani upesi, kwa kuwa majike wazee waweza kuishi miaka 20 au 30 katika kipande kidogo kisichoweza tena kulea watoto wao, na mpita njia akadhani kwamba mambo ni salama.

Bibi Main alifariki mwaka 2019, akiwa na umri wa miaka 90. Alikuwa mtoto wa mkulima wa sehemu zile zile alizozichunguza, na kazi yake haikuhitaji mitambo ya thamani, bali vigingi, daftari na uaminifu wa kurudi.

Afrika ya Mashariki tunao buibui wa mlango. Mbali na wale wa mitini niliowataja, wapo wa jenasi ya Idiops, iliyoenea kutoka Amerika ya Kusini, Afrika na Mashariki ya Kati hata Bara Hindi, na ambayo hukaa ardhini. Jamaa yao asiye na mlango, Pterinochilus murinus, ni maarufu kwa wafugaji wa buibui wa Ulaya na Marekani, ambao mmoja wa rangi ya machungwa humwita kwa jina la Usambara. Lakini habari za maisha ya wale wenye milango katika misitu ya Usambara, ya mwambao, au ya Shimba, yaani wanaishi miaka mingapi, wanazaa lini, wanakula nini, hazijaandikwa kwa namna iliyoandikwa ile ya Tammin. Si wakali kwa binadamu kiasi cha kuogopwa. Wako jamaa zao wa Australia wenye sumu ya hatari, lakini buibui wa mlango kwa jumla hukimbilia chini badala ya kupigana, na ni vyema tu mtu asitie kidole tunduni.

Nawasihi, basi, walimu wa elimu ya viumbe wa Tanzania na Kenya, na wanafunzi wanaotafuta jambo la kuchunguza, waanze kuwatafuta katika kingo za njia za msituni, penye udongo mgumu usiofurika maji, asubuhi baada ya mvua, wakati mstari mwembamba wa duara ardhini huonekana kwa urahisi zaidi. Mwenye kuliona tundu lenye mlango na alipe nambari, aandike tarehe na mahali, alipige picha, kisha aufunge mlango kama alivyoukuta. Wala asilichimbe, kwa kuwa jike mzima akitolewa shimoni mwake aghalabu hawezi kuchimba jingine.